Waya za Moyo Zinapochoka

Leo twamkumbuka ndugu aliyeambiwa kwamba waya za kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo wake zimeharibika, na sharti zitolewe. Usiku halali.

Kifaa cha kwanza kutiwa mwilini alipewa Arne Larsson, huko Stockholm, Uswidi, mwaka 1958. Kilikoma baada ya saa chache. Akatiwa kingine, na vingine vingi, akaishi hadi mwaka 2001.

Kifaa chenyewe hukaa chini ya ngozi ya kifua, nacho si kigumu kubadilisha. Kazi iko kwenye waya. Hupita ndani ya mshipa mpaka moyoni, na miaka ikipita kovu huzishika kama mizizi. Daktari huzifungua polepole kwa mrija unaokata kovu. Mshipa au moyo waweza kupasuka, kwa hiyo wapasuaji wa moyo hukaa tayari. Waya iliyokufa pengine huachwa mahali pake. Iliyoingiwa na viini haina budi kutoka.

Basi tumwulize daktari: Ametoa waya hizi mara ngapi? Damu ya akiba ipo? Kuuliza si kupungukiwa na imani. Tuulize, tuombe, kisha twende.