Kusahau Maneno na Dawa Yake

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aingiapo kidato cha kwanza hukuta Fizikia, Kemia na Hisabati zikifundishwa kwa Kiingereza. Asipoyadhibiti maneno mapya mapema, huweza kushindwa mtihani wa jambo ambalo akili yake inalielewa.

Kwa nini maneno yaliyokaririwa leo hupotea kesho? Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi cha kazi alichookoa alipojifunza upya. Baada ya saa moja aliokoa takriban asilimia 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, 21. Yaani usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio ya mkupuo mmoja.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza matumizi ya kadi na sanduku lenye vyumba. Neno likijibiwa sawasawa, kadi husogea chumba cha mbele, ambako hurudiwa kwa nadra zaidi. Likikosewa, hurejea chumba cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland alitunga programu ya kompyuta ya kukokotoa siku ya kurudia kila neno. Programu ya Anki, iliyotolewa mwaka 2006, hufanya kazi hiyo hiyo, na kadi zikishapakuliwa kutoka intaneti hutumika hata pasipo mtandao.

Hata hivyo, chombo hakizidi kadi zilizomo. Neno "solution" katika Kemia ni mmumunyo, bali katika Hisabati ni jawabu. Kwa hiyo kila kadi ibebe sentensi kamili kutoka somo lenyewe, na mwanafunzi ajitahidi kukumbuka jibu kabla ya kuigeuza.

Shule isiyo na kompyuta isikate tamaa. Boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano, pamoja na vipande vya karatasi ngumu, hufuata kanuni ile ile. Mwalimu atenge dakika 10 kila siku, na darasa liongeze maneno machache tu kwa wakati mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.