Ukipotea, Rudi Nyumbani

Mama mmoja aliyehamia Marekani na mumewe ametuandikia. Majirani waliwaalika kujifunza dansi ya mraba. Akakosea hatua, mumewe akamkaripia mbele ya watu. Sasa hataki kurudi tena.

Dada mpendwa, usikate tamaa. Dansi hii huchezwa na watu wanane, yaani jozi nne, kila jozi upande wake wa mraba. Mke husimama kuume kwa mumewe. Kiongozi huita hatua, na wachezaji hawajui ataita ipi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kusikiliza. Miito ni ya Kiingereza hata huko Japani. Jifunzeni michache kila wiki, mkairudie nyumbani polepole.

Hatua zenyewe ni kutembea tu, si kurukaruka. Sisi wauguzi tunashauri viatu vya kisigino kifupi na maji ya kunywa. Mwenye shida ya moyo au magoti amwone daktari kwanza. Shika mkono wa mwenzio kwa wepesi, usimvute.

Ukipotea, usiwakimbilie wengine. Mahali mlipoanzia huitwa nyumbani. Rudini hapo, msubiri mwito unaofuata. Hata waliozoea hufanya hivyo.

Nawe baba, ukigombana na mkeo mwito utakupita, na watu sita watakwama kwa ajili yenu. Makosa yazungumzeni njiani, kwa upole.

Sisi nasi tumekosea mengi katika ndoa. Kilichotusaidia si kumtafuta mwenye kosa, bali kurudi mahali petu na kuanza tena.