Kujua hewa ya depo bila kufungua mulango: telefone na kamashini ka Bluetooth



Wakati wa muvua, mulinzi wa depo anakuwa na shida moja. Anataka kujua kama mahindi ya watu yako salama, lakini kila mara anafungua mulango, hewa yenye maji-maji inaingia. Asipofungua, anakaa siku nyingi bila kujua kitu. Kisha siku ya kuuza, mifuko ya katikati inatoka na ukungu. Hapo maneno yanaanza: nani alileta mahindi mabichi? Nani hakuchunga?

Ule ukungu si hasara ya franka tu. Kuko aina yenye inaacha sumu inaitwa aflatoksini. Sumu ile inaharibu maini, na hata mukipika ugali muda murefu, haitoke. Ndiyo maana tunapenda kuwafasiria leo namna ya kupima hewa ya ndani ya depo na kuisoma ku telefone, mukiwa inje. Kazi hii haiombe intaneti, haiombe unite. Kijana wa koperative mwenye anapenda kufungua radio na kuitengeneza anaweza kuifanya.

Vitu vyenye vinahitajika

Kwanza, plake ya Arduino Uno. Ni kama kichwa kadogo kenye kanafuata programu yenye munaandika ku ordinatere. Pili, kapteri ya DHT22, kale kadude kenye kanapima joto na unyevu wa hewa. Tatu, kamashini ka Bluetooth kanaitwa HC-05 ao HC-06. Nne, nyuzi na rezistansi mbili: moja ya ohm 1000, ingine ya ohm 2000. Kurant inaweza kutoka ku betri ya solere yenye kutoa volti 5.

Namna maneno yanapita

Mumeona watu wakishusha mifuko ku kamyo: mufuko mumoja unapita mukono kwa mukono, kisha ule mwingine. Arduino na HC-05 wanaongea vile vile. Kila herufi inakatwa vipande vidogo, na vile vipande vinapita ku uzi mumoja, kimoja nyuma ya kingine. HC-05 inavikamata na kuvitupa hewani mupaka ku telefone. Kazi yake ni kuchukua nafasi ya uzi, basi.

Lakini mwenye kutupa na mwenye kupokea wanapaswa kwenda mwendo mumoja. Kwa kawaida HC-05 inaenda vipande 9600 kwa sekunde moja. Kama programu ya Arduino iko na hesabu ingine, ku telefone mutaona herufi za ovyo zenye hazina maana. Sisi wenyewe, mara ya kwanza, tulifikiri mashini imekufa. Haikukufa: tulikuwa tumeandika mwendo mwingine.

Kuunganisha nyuzi

1. VCC ya HC-05 iende ku 5V ya Arduino, GND iende ku GND.

2. TXD ya HC-05 iende ku namba 0 (RX) ya Arduino. TX maana yake kusema, RX maana yake kusikia. Mudomo wa mumoja uende ku sikio ya mwingine. Mukifunga mudomo ku mudomo, hakuna kitu kitapita.

3. Namba 1 (TX) ya Arduino inatoa volti 5, lakini sikio ya HC-05 (RXD) inataka volti 3,3 tu. Muweke rezistansi ya 1000 katikati ya TX ya Arduino na RXD, kisha ile ya 2000 itoke ku RXD iende ku GND. Hivi volti zinashuka. Wengi wanaruka hatua hii, na kamashini kanaweza kuungua.

4. Wakati wa kuingiza programu kutoka ku ordinatere, mutoshe kwanza nyuzi za namba 0 na 1, juu ordinatere inapita njia ile ile. Mukimaliza, muzirudishe.

Programu isome kapteri kila dakika moja na kutuma mustari mumoja, kwa mufano: Joto 24, Unyevu 63.

Ku telefone

Mutumie telefone ya Android. iPhone haiwezi kuungana na HC-05. Muwashe Bluetooth, mutafute jina HC-05, muandike namba ya siri 1234. Kisha mufungue programu ya kusoma, kama Serial Bluetooth Terminal, yenye ni ya bure. Taa ya HC-05 inapepesa haraka-haraka wakati haijaungana, ikiungana, inapunguza. Telefone moja tu inaungana kwa wakati mumoja.

Namba 1234 inajulikana dunia nzima. Kama mashini inatuma tu hesabu, hakuna mutu ataharibu kitu. Lakini siku mutaiongezea amri ya kuwasha vantilatere, mubadilishe namba ile kwanza.

Mahali pa kuiweka

Bluetooth hii inafika karibu mita 10 mahali pa wazi. Mifuko ya mahindi na manjanja vinaizuia. Muache HC-05 karibu na mulango, na kapteri iende katikati ya mifuko ku uzi wa mita mbili ao tatu. Musiiweke chini ya manjanja, juu kule joto ya jua itawadanganya.

Namna ya kufuata hesabu

Unyevu wa hewa ukikaa 65 ao chini, mutulie. Ukipita 70 siku mbili tatu mufululizo, ukungu unapata nafasi: mupange siku ya kuanika tena. Mufungue mulango wakati hewa ya inje ni kavu, si asubuhi ya ukungu wa milima.

Mashini hii inapima hewa, haipime ndani ya punje. Mbele ya kupokea mufuko wa mutu, mutie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, mutikise. Chumvi ikikamata ku chupa, mahindi ingali na maji kupita 15 kwa 100, arudi kuanika. Kwa kuweka muda murefu, tunatafuta 13.

Na jambo la mwisho: hesabu za kila siku ziandikwe ndani ya kaye, na kaye ile ibaki ku mulango. Mama mwenye aliweka mifuko yake miwili na mukubwa wa koperative wote wasome kitu kimoja. Siku matata itatokea, hakuna mutu ataonewa bure.