Kutoka Mnazi Hadi Mnazi

Ukitoka Malindi mjini kwa barabara ya kwenda Sala Gate, Ganda unaikuta mapema, kabla ya Kakuyuni. Ni nchi ya minazi, miembe na mikorosho, na mtu wa hapa zamani alikuwa mwenda kwa miguu: shambani, sokoni, kisimani. Siku hizi bodaboda inamchukua mlangoni kwake. Mwendo umepungua, mahamri na viazi vya karai viko palepale.

Na wanaonenepa si wa Ganda tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 uliwakuta wanawake 33 katika kila 100 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamezidi uzito unaofaa. Uchunguzi uliotangulia, wa 2008 na 2009, uliwakuta 25.

Kumwambia mama wa Kigiriama kwamba nyonga pana ni balaa ni kujitafutia ugomvi. Hando, vazi lake la asili, lina marinda tele, na limeshonwa hivyo makusudi ili nyonga zijae. Basi nyonga na tuziache. Mafuta ya kuogopwa ni ya tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayofungamana zaidi na kisukari na presha.

Hapo ndipo yanapoingia mazoezi ya vipindi: mbio kidogo, pole kidogo, kisha mbio tena. Wanariadha wa Iten wanayafahamu kwa jina la fatleki, neno la Kiswidi lililoenezwa na kocha Gösta Holmér miaka ya 1930. Lakini mtu mwenye kilo 95 na magoti yanayolia hana haja ya kukimbizana na watu wa Iten. Amfuate Hiroshi Nose wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, aliyewapa watu wa makamo na wazee zoezi la kutembea tu: dakika 3 za haraka, dakika 3 za polepole, mara 5 au zaidi, siku 4 kwa wiki. Matokeo ya miezi mitano yalichapishwa mwaka 2007. Miguu yao ilipata nguvu na presha yao ilishuka kuliko ya wenzao waliotembea mwendo mmoja.

Nchini Kanada, mtafiti Martin Gibala na wenzake walibana muda zaidi. Mwaka 2016 walieleza habari za wanaume wasio na mazoezi waliopiga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 20, mara 3, ndani ya dakika 10 tu. Baada ya wiki 12, moyo na sukari yao vilitengenea karibu sawa na vya wenzao waliopiga baiskeli dakika 45 mfululizo.

Je, mafuta? Hapa ndipo matangazo ya kwenye simu yanapotia chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walikusanya tafiti 13 za watu wazima wanene: vipindi na mwendo mmoja vilipunguza mafuta na kiuno kwa kiasi kilekile, na mizani haikusogea sana. Faida ya vipindi ilikuwa muda, pungufu kwa kama asilimia 40. Tena matembezi ya nusu saa, mahamri mawili yanayarudisha yote na ziada.

Wapo pia wanaojifunga nailoni tumboni wakimbie juani, wakidhani jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi, na glasi mbili za maji zinalirudisha. Mafuta yanakokwenda, watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu yake mwaka 2014: kilo 10 za mafuta zikishachomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama kaboni dioksaidi, na 1.6 hubaki kuwa maji.

Kwa hiyo kutweta kuna maana yake. Mwenye presha au kisukari apimwe kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kugawiwa mashine za kupimia mwaka 2023, na huja hadi nyumbani. Kisha atoke alfajiri, kabla jua halijawaka, na wala saa hahitaji. Achague minazi ya njiani: kutoka huu hadi ule atembee kwa haraka mpaka maneno yamkatike akisalimiwa, na kutoka ule hadi wa tatu aende pole, aitikie salamu zote alizoziacha nyuma.