Matumbawe Laini Nyumbani: Shibe Huua Kuliko Njaa

Matumbawe laini hufugwa katika matangi ya kioo majumbani, hotelini na maofisini. Wengi wanaoanza kuyafuga huyapoteza katika miezi michache ya kwanza, na mara nyingi sababu si njaa. Ni chakula kupita kiasi. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kilifi jinsi matumbawe hayo yanavyokula, yanavyotunzwa, na jinsi funzo hilo linavyohusu bahari yetu wenyewe.

Tumbawe ni mnyama

Kwa macho, tumbawe laini hufanana na mmea au uyoga. Kumbe ni kundi la wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja akiwa na mdomo mmoja na minyiri minane. Tofauti na matumbawe magumu yanayojenga miamba, haya hayana kiunzi kigumu cha chokaa, ndiyo maana huyumba na maji. Aina za Sarcophyton, Sinularia na Xenia, zinazopendwa na wafugaji, hupatikana pia katika miamba ya pwani ya Kenya.

Ndani ya nyama ya aina hizo huishi vijimea vidogo mno vinavyotumia mwanga kutengeneza sukari. Sehemu kubwa ya nguvu ya tumbawe hutoka hapo. Kinachobaki hupatikana kwa kunasa chembechembe zinazoelea majini. Kwa hivyo chakula cha kwanza cha tumbawe ni mwanga.

Namna ya kulisha

• Taa ziwake saa 8 hadi 10 kwa siku, bila kubadilisha saa ovyo.
• Chakula kitolewe mara moja au mbili kwa wiki, kwa kiasi kidogo. Vinafaa vijimea vya majini vinavyouzwa kwenye chupa, au watoto wa kamba wadogo aina ya Artemia.
• Wakati mzuri ni jioni, minyiri ikiwa imefunguka. Pampu izimwe kwa dakika 10 hadi 15 ili chakula kisipeperuke, kisha iwashwe tena. Ni rahisi kusahau, na pampu ikikaa imezimwa usiku kucha tangi zima huweza kufa.
• Penye samaki, mabaki ya chakula chao na kinyesi chao hulisha matumbawe pia. Tangi la namna hiyo huhitaji nyongeza ndogo sana.

Chakula kisicholiwa huoza. Kuoza huko huzalisha amonia yenye sumu, na baadaye naitreti na fosfeti, ambazo ni mbolea ya mwani. Mwani ukishamea, hulifunika tumbawe, huzuia mwanga na hatimaye huliua. Mfugaji akiona tumbawe limesinyaa, apime maji kwanza kabla ya kuongeza chakula. Sarcophyton hasa hujifunga kwa siku kadhaa na kuvua ngozi nyembamba. Hiyo ni kawaida yake.

Maji, umeme na usalama

Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 27 na chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Asilimia 10 ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yachujwe na kuondolewa klorini kabla ya kuchanganywa na chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya kupikia haifai. Mkondo wa maji uyumbishe tumbawe, usilipige kwa nguvu sehemu moja.

Stima ikikatika, maji husimama na hewa huisha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga muhimu.

Tahadhari kubwa ni kuhusu Zoanthus na Palythoa, ambazo mara nyingi huuzwa pamoja na matumbawe laini. Baadhi yake zina sumu kali iitwayo palitoksini. Anayezishika avae glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wasiziguse. Jiwe lenye viumbe hao lisichemshwe kamwe, kwa sababu mvuke wake unaweza kumdhuru kila aliye ndani ya nyumba.

Bahari nayo ni tangi

Linalotokea kwenye tangi hutokea pia baharini. Maji taka na mbolea vikiingia baharini, mwani hunawiri na matumbawe hudhoofika. Mto Sabaki hushusha udongo mwingi karibu na Malindi msimu wa mvua, na udongo huo huzuia mwanga. Joto nalo lina hatari yake: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Mwenye tangi huweza kubadilisha maji kesho yake, lakini bahari haibadilishwi. Kinachowezekana ni kuzuia uchafu kabla haujafika: choo kisielekezwe ufuoni, taka zisitupwe mtoni, na kingo za mito zipandwe miti.

Mkazi asitoe tumbawe baharini kwa ajili ya tangi. Katika Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoa kiumbe chochote. Biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi nayo inasimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo mnunuzi adai hati za bidhaa kabla ya kulipa. Vilevile, viumbe na maji ya tangi visimwagwe baharini, kwani huweza kubeba magonjwa na viumbe wageni.

Mwenye swali amwone afisa wa uvuvi aliye karibu, au kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) cha eneo lake.