Gari la bei nafuu ni ghali kwa asiyeelewa lugha yake

Mwalimu wa Taita Taveta anayenunua gari lake la kwanza kwa mkopo wa chama cha ushirika aghalabu huuliza maswali matatu: Lina sisi ngapi? Lina nguvu? Ni otomatiki? Hujibiwa upesi, hutia sahihi, kisha huanza kukatwa mshahara kwa miaka kadhaa. Ni nadra kutambua kwamba maswali yake yalikuwa na maneno yenye maana mbili mbili, na kwamba muuzaji alijibu kwa maana moja huku yeye akisikia nyingine. Dai langu katika makala haya ni kwamba gari dogo la bei nafuu hugeuka ghali si kwa sababu ya chuma chake tu, bali pia kwa sababu ya ulegevu wa maneno yetu.

Tuchukue mfano mmoja ulioenea katika barabara za Voi, Mwatate na Wundanyi: Toyota Belta. Ni gari dogo la milango minne lenye buti iliyotengana na sehemu ya abiria. Lilitengenezwa Japani tangu 2005 hadi 2012. Urefu wake ni mita 4.3, upana mita 1.69, na tangi lake hubeba lita 42 za petroli. Maadamu kanuni za Kenya haziruhusu kuagiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka minane, Belta inayouzwa leo imekwisha kupita mikononi mwa Mkenya mmoja au zaidi. Kwa hivyo mnunuzi analazimika kuchunguza, na uchunguzi huhitaji lugha.

Neno la kwanza ni hilo sisi. Wanafunzi hulichekea kwa kuwa linafanana na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi, ilhali ni herufi mbili za Kiingereza zilizotamkwa kwa ulimi wetu. Maana yake ni sentimita za ujazo: nafasi ambayo pistoni zote hupitia ndani ya silinda. Belta yenye injini ndogo ina sisi 996, yaani karibu lita moja, katika silinda tatu. Tarakimu hiyo hueleza ukubwa wa nafasi, haielezi kazi inayofanywa humo. Injini mbili zenye sisi sawa zaweza kutofautiana sana kwa nguvu na kwa ulaji wa mafuta.

Hapo tunakutana na neno la pili, nguvu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotupoteza zaidi. Kitabu cha gari hutaja vipimo viwili tofauti: uwezo wa farasi 71 injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, na kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 94 kwenye mizunguko 3,600. Sisi huviita vyote "nguvu". Mtu aliyewahi kufungua nati za gurudumu anaijua tofauti hiyo kwa mikono yake. Anapoiegemea spana ndefu mpaka nati iliyokwama ikubali, hiyo ni kani ya kuzungusha. Anapoizungusha upesi upesi hadi itoke, kani ile pamoja na kasi ile ndivyo vinavyofanya uwezo. Belta ina uwezo wa kutosha kukimbia barabara kuu ya Mombasa ikiwa na watu wawili. Ikibeba watu watano na gunia la viazi kupanda milima ya Taita, dereva hana budi kuiacha injini izunguke kwa kasi na ipige kelele. Asiyejua haya husema gari halina nguvu, na anayejua hutambua kwamba aliuliza swali nusu.

Neno la tatu ni ulaji wa mafuta. Vipimo vilivyofanywa kiwandani Japani viliipa Belta zaidi ya kilomita 20 kwa lita, nao wauzaji huinadi hesabu hiyo kana kwamba ni ahadi. Lakini kipimo kile hakikuwa na mlima. Voi iko takriban mita 800 chini ya Wundanyi. Gari lenye abiria, uzito wake ukiwa kilo 1,250 hivi, linahitaji nishati ya juli milioni 10 ili kuinuliwa kimo hicho. Lita moja ya petroli ina juli milioni 32, na ni kama robo tu inayofika magurudumuni, nyingine hupotea kuwa joto. Mwanafunzi wa fizikia na agawanye: kupanda peke yake kunakula karibu lita moja na robo, mbali na mafuta ya safari ya kawaida. Mwalimu anayelalamika kwamba gari lake "linakunywa" huenda halina ubovu wowote. Linalipa ada ya mlima tu.

Madereva wetu hujaribu kuirudisha ada hiyo wakati wa kushuka, na hapa neno la nne huhatarisha maisha. Wanapoteremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate, wengine huweka gia katika hali waiitayo fri. Asili ya neno hilo ni Kiingereza, lenye maana ya kuwa huru, lakini pia lenye maana ya bure. Dereva husikia maana ya pili, akaamini kwamba anasafiri bila gharama. Katika magari ya kale yenye kabureta imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Katika injini ya kisasa inayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, mambo ni kinyume. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye kanyagio la mafuta, kompyuta hukata petroli, kwa kuwa magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini yahitaji mafuta ili isizimike, na mzigo wote wa kulizuia gari huangukia breki. Breki zikipata moto katika kona zile hupoteza ushikaji. Basi fri si bure wala si huru. Inakula mafuta, na yaweza kula watu.

Neno la tano limemgharimu mtu ninayemfahamu. Jamaa yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alipeleka Belta yake kubadilishiwa oili ya gia katika gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi alimwambia, "Mwalimu, hii ni otomatiki. Oili ya otomatiki ni moja." Kwa kanuni za lugha yetu fundi hakukosea: kila gari lisilo na klachi ya kukanyaga huitwa otomatiki. Lakini Belta ya aina ile haina meno ya gia yanayobadilishana. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma unaopita kati yake, hivi kwamba uwiano wa gia hubadilika bila hatua. Mkanda huo hutegemea oili maalumu inayouruhusu kushika puli bila kuteleza. Baada ya wiki chache gari lilianza kutetemeka kila lilipopanda mlima. Matengenezo yalizidi mshahara wake wa mwezi. Sikuona uovu kwa fundi yule. Niliona neno moja lililobebeshwa mitambo miwili.

Ajabu ni kwamba injini hiyo hiyo hukumbwa na kosa la upande wa pili. Wapo wanaotozwa fedha za "mkanda wa taimingi", ilhali injini ya Belta hutumia cheni. Pengine jina la gari limesaidia kuwachanganya, kwa kuwa Belta yafanana na belti. Asili yake, kwa hakika, ni neno la Kitaliano lenye maana ya uzuri.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni Kiingereza, kwani vitabu vya magari vimeandikwa kwa lugha hiyo. Siafiki. Mnunuzi na fundi huzungumza Kiswahili, na mkataba wao hufungwa kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini shuleni tumekifungia katika ushairi na ngeli, tukaiachia sayansi mlango mwingine. Wakati wa mradi wa Nyayo Pioneer, uliobuniwa 1986 na kutoa magari matano ya majaribio, tulisikitika kwamba kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikutokea. Hatukujiuliza mafundi wa kiwanda hicho wangeelezana kazi kwa maneno gani.

Pendekezo langu ni dogo kama gari lenyewe. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wakae pamoja kipindi kimoja. Wanafunzi walete ukurasa wa vipimo vya gari lolote, wautafsiri, kisha waende gereji za jua kali za Voi kusikiliza mafundi wanavyoita kila kitu. Pale ambapo fundi ana neno zuri, kama cheni, puli au klachi, lichukuliwe bila aibu. Pale ambapo neno moja limebeba vitu viwili, wanafunzi walitenganishe: uwezo na kani, gia za hatua na gia za mkanda. Chuo Kikuu cha Taita Taveta na Coast Institute of Technology haviko mbali, navyo vyaweza kusahihisha orodha itakayopatikana.

Jamaa yangu bado analipa mkopo wake. Siku hizi, kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo, humuuliza kwanza: "Hii ni otomatiki ya aina gani?" Swali hilo halikumgharimu hata senti moja, na lau angalilijua mapema, lingalimwokolea mshahara wa mwezi mzima.