Sharqiyah Kusini: Mkoa wa Oman Wenye Daftari la Maji

Sharqiyah Kusini ni mmojawapo wa mikoa 11 ya Oman, na makao yake makuu ni Sur, bandari iliyo kilomita takriban 200 kusini-mashariki ya Maskati. Una wilaya tano, neno ambalo Waomani nao hulitumia: Sur, Al Kamil wal Wafi, Jaalan Bani Bu Ali, Jaalan Bani Bu Hassan na kisiwa cha Masirah. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya 300,000. Milima ya Hajar Mashariki hushuka hadi baharini na kuacha ukanda mwembamba wa pwani, unaokatwa na mabonde makavu yaitwayo wadi, na upande wa bara jangwa la mchanga huanza. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 150.

Wakazi huvua samaki, hulima mitende na kufuga mbuzi. Huko Qalhat, ambako Ibn Battuta alipita kama alivyopita Kilwa mwaka 1331, kipo kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika kilichoanza kuuza nje mwaka 2000. Mafundi wa Sur wangali wanaunda majahazi, na baadhi ya familia zao zinajua Kiswahili, kwa kuwa majahazi hayo yalileta tende Unguja na kurudi na boriti. Kasa hutaga Ras al-Jinz. 

Jambo linalomshika mtu atokaye Newala, juu ya Uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, ni falaji, yaani mfereji unaoleta maji kijijini bila mashine. Falaji itokayo kwenye chemchemi huitwa aini. Ichukuayo maji ya wadi, ghaili. Na iliyochimbwa chini ya ardhi, daudi, kwa sababu masimulizi husema Nabii Suleiman bin Daud aliwaamuru majini waichimbe. Hii ya tatu huanzia kwenye kisima kirefu chini ya mlima, kiitwacho mama wa falaji, na handaki lake huinama kidogo mno, kilomita kadhaa, hadi maji yajitokeze juu ya ardhi yenyewe. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazotumika, na tano, mojawapo ikiwa Al-Jeela katika milima ya Sur, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Handaki, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Maji hupita kwanza mahali pa kunywa, kisha msikitini na bafuni, ndipo yaende kwenye mitende, na mazao ya msimu hupata mwisho. Zamu huhesabiwa kwa athari, kipimo cha nusu saa hivi, ambacho hurithiwa, huuzwa au huwekwa wakfu. Wakili husimamia falaji, arifu huelekeza maji shambani, na karani huandika zamu katika daftari. Baadhi ya zamu hazina mwenyewe. Hupigwa mnada hadharani, na fedha zake hutengeneza mfereji kabla haujabomoka.

Uwanda wa Makonde hauwezi kuiga handaki, maana mchanga wake hunywa mvua yote na maji hutokeza chini ya genge, wakati watu wako juu. Mjerumani Karl Weule aliyekaa Newala mwaka 1906 aliiona taabu ya wanawake kushuka na kupanda na mitungi, na pampu zilizoanza kusukuma maji katika miaka ya 1950 hazijaimaliza. Lakini daftari halihitaji mlima. Mkulima wa Newala au Masasi hukubali korosho zake zipimwe, ziandikwe kwenye stakabadhi na zipigwe mnada mbele ya watu, ilhali maji, ambayo bila hayo hata mche wa mkorosho hauoti kitaluni, pengine huachiwa kamati isiyo na hesabu, na mchango wa spea huanza kukusanywa siku pampu ilipokwisha kufa na ndoo zimepangwa foleni. Hilo si kosa la mchanga.

Zamani athari ilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota zinazochomoza nyuma ya mlima au ukuta fulani, kila nyota na jina lake. Siku hizi vijiji vingi hutumia saa ya mkono, ila kipo kijiti kilichobaki mahali pake, na wazee hukitazama kabla ya kuitazama saa.